Umoja wa Mungu na Umoja wa Dini: Fikra za Kihindu Zikitazamwa kutoka Babati

Katika Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha, kauli kwamba Mungu ni mmoja husikika msibani, harusini na kwenye vikao vya mtaa, na aghalabu hutamkwa pale ambapo watu wa dini tofauti wanataka kulimaliza jambo linalowahusu wote bila kuanzisha ubishi. Msemaji anaweza kuwa Mrangi Mwislamu, Mwiraqw Mkatoliki, Mgorowa Mlutheri au mzee wa Kibarabaig anayemwomba Aseeta kama walivyofanya waliomtangulia, na hakuna anayemtaka aeleze amekusudia nini hasa. Kauli hiyohiyo imefanyiwa kazi na wanafikra wa Kihindu kwa takriban miaka 3,000, wakaipa maana nyingi, nyingine zikigongana, na mara nyingi husemwa kwa wepesi kwamba Uhindu ndio dini inayofundisha kuwa dini zote ni moja. Uchambuzi huu unaonyesha kwamba usemi huo unachanganya mambo matatu yanayostahili kutenganishwa, yaani umoja wa Mungu, umoja wa dini na amani baina ya watu, na kwamba historia ya Afrika Mashariki inathibitisha kuwa la kwanza halileti la pili kwa lazima, wala la tatu halisubiri mawili ya mwanzo yatimie.

Hesabu ya miungu

Mgeni anayeingia katika hekalu la Kihindu hukutana na sanamu nyingi, na kutokana na hilo huhitimisha kwamba waabuduo hapo wana miungu mingi isiyo na idadi. Maandiko ya kale ya Kihindu yenyewe yalilijua swali hilo. Katika Rig Veda, mkusanyo wa tenzi za ibada unaokadiriwa kutungwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Kristo, umo utenzi unaotaja majina ya Indra, Mitra, Varuna na Agni, kisha ukadai kwamba kilichopo ni kimoja na kwamba ni wenye hekima ndio wanaokitaja kwa namna nyingi. Karne kadhaa baadaye, katika Brihadaranyaka Upanishad, mojawapo ya maandiko ya falsafa yanayofunga Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, mwanazuoni Yajnavalkya anahojiwa na mpinzani wake Shakalya kuhusu idadi ya miungu. Jibu la kwanza ni mia tatu na tatu, pamoja na elfu tatu na tatu, yaani 3,306 kwa jumla. Shakalya anakubali, lakini anauliza tena, na idadi inashuka hadi thelathini na tatu. Anarudia swali, ikawa sita, kisha watatu, kisha wawili, kisha mmoja na nusu, na mwishoni mmoja.

Mpangilio wa mahojiano hayo una uzito kuliko jibu la mwisho, kwa kuwa Yajnavalkya hasemi kwamba majibu yaliyotangulia yalikuwa ya uongo. Kila idadi ni sahihi katika ngazi yake, na wingi unaelezwa kuwa ni nguvu na madhihirisho ya yule mmoja. Hapa ndipo Uhindu unapotofautiana na tauhidi ya Kiislamu na imani ya Mungu mmoja ya Kiyahudi na Kikristo, ambazo zinaupata umoja kwa kuukana wingi: hakuna mungu mwingine, na anayemshirikisha Mungu amekosa. Hesabu ya Yajnavalkya inaupata umoja kwa kuumeza wingi. Hivyo pande mbili zinaweza kutamka sentensi moja, kwamba Mungu ni mmoja, huku kila upande ukiwa na shughuli tofauti kabisa mkononi.

Mmoja wa namna gani?

Hata ndani ya Uhindu wenyewe wanazuoni hawakukubaliana kuhusu huo mmoja ni nani, au ni nini. Shankara, anayewekwa kwa kawaida katika karne ya 8, alifundisha advaita, yaani kutokuwepo kwa uwili: Brahman, asili na kiini cha vyote, ndiyo uhalisia pekee, na atman, nafsi ya ndani ya kila kiumbe, si kitu kingine ila hiyo Brahman, ingawa ujinga humfanya mtu ajione amejitenga. Kwa fundisho hilo, Mungu mwenye jina, sura na matendo, anayeombwa na kujibu, ni wa ngazi ya chini kidogo kuliko uhalisia usio na sifa, na ibada zote zenye umbo ni maandalizi ya maarifa yanayovuka umbo.

Ramanuja, aliyefundisha Kusini mwa India katika karne za 11 na 12, aliona kwamba maelezo hayo yanamnyang'anya mwenye kuabudu Mola wake. Kwake yeye, yule mmoja ni Vishnu, Mungu mwenye nafsi, na ulimwengu pamoja na roho zote ni kama mwili wake, vikimtegemea bila kuyeyuka ndani yake. Madhva, katika karne ya 13, alikwenda mbali zaidi kwa kusisitiza uwili: Mungu, roho na maada ni vitu tofauti milele, na tofauti hiyo haitafutika hata roho itakapookoka. Kwa hiyo anayesema kwamba Uhindu unafundisha kuwa binadamu na Mungu ni kitu kimoja ameinukuu shule moja, yenye umaarufu mkubwa Ulaya na Marekani, na ameziacha shule ambazo ibada ya wengi wa Wahindu wa Afrika Mashariki inakaribiana nazo zaidi. Wahindu hao wengi wao asili yao ni Gujarat, ikiwamo Kutch na Kathiawar, ambako bhakti, yaani ibada ya mapenzi kwa Mungu mwenye nafsi, hasa Krishna, ndiyo iliyoshika mizizi.

Shule ya nne ilizaliwa wakati wa ukoloni. Mwaka 1875, mjini Bombay, Swami Dayananda Saraswati alianzisha Arya Samaj, harakati iliyodai kwamba Veda inamfundisha Mungu mmoja asiye na umbo na kwamba ibada ya sanamu ni uzushi uliokuja baadaye. Harakati hiyo ilifika Nairobi mwaka 1903, wakati mji wenyewe ulikuwa bado kambi ya reli inayogeuka kuwa mji, ikajenga shule na kumbi za ibada ambamo moto wa sadaka huwashwa lakini sanamu haziwekwi. Msomaji angetarajia kwamba Wahindu wanaokataa sanamu wangekuwa karibu zaidi na Waislamu na Wakristo kuliko wale wanaoziheshimu. Kinyume chake ndicho kilichotokea, kwa maana kitabu cha Dayananda, Satyarth Prakash, kina sura nzima za kuukosoa Ukristo na Uislamu, na Arya Samaj ilijipatia sifa ya kushindana na dini nyingine kwa hoja na kuwarejesha waliohama. Kadiri umoja wa Mungu ulivyofafanuliwa kwa ukali, ndivyo mlango wa umoja wa dini ulivyozidi kuwa mwembamba.

Jua la Manyara

Babati inaleta mizani ambayo vitabu vya India havina. Kwa Wairaqw na majirani zao Wagorowa, wanaozungumza lugha za Kikushi, Mungu ni Looaa, anayehusishwa na jua, mwema na mwenye huruma, anayetajwa kama mama, na kando yake wapo netlaamee, roho za ardhini na majini ambazo zinaweza kudhuru na hazina budi kutulizwa. Kwa Wadatooga, ambao Wabarabaig ni sehemu yao, Aseeta naye anahusishwa na jua, na mahusiano na waliokufa yana uzito mkubwa kiasi kwamba mzee mashuhuri hujengewa bung'eda, kilima cha kaburi kinachoinuliwa hatua kwa hatua katika maziko yanayochukua miezi mingi. Wachaga, kaskazini zaidi, walimwita Ruwa yule aliye Mungu na ambaye jua ni ishara yake. Wahindu wengi nao, kila alfajiri, husoma sala ya Gayatri inayoelekezwa kwa Savitr, nguvu ya Mungu inayodhihirika katika jua.

Mtetezi wa umoja wa dini angefurahia ulinganifu huo na kuhitimisha kwamba wote wanamwabudu yuleyule. Mchambuzi anapaswa kusita, kwa sababu ulinganifu wa ishara hauthibitishi ulinganifu wa imani. Looaa anaombwa mvua, watoto na mifugo, na mvua hiyo ikichelewa swali linaloulizwa ni nani amevunja mwiko; Savitr wa Gayatri anaombwa aiangaze akili ya mwombaji. Sala ya Kiiraqw iitwayo slufay hutolewa na mzee mbele ya kikao huku waliohudhuria wakiitikia kwa pamoja, na baraka yake ni ya nchi na watu wake. Gayatri ni sala ambayo kwa karne nyingi ilifundishwa kwa wanaume wa matabaka ya juu peke yao, kila mmoja akiipokea kwa mwalimu wake. Jua ni lile lile, lakini jamii inayosimama chini yake imepangwa tofauti.

Hata hivyo, eneo hilo lina somo jingine lenye faida. Ole Bjørn Rekdal, mwanaanthropolojia wa Norway aliyewachunguza Wairaqw wa Mbulu, alionyesha kwamba watu wa eneo hilo tangu zamani walitafuta tiba na nguvu za kiroho nje ya kabila lao, na kwamba ugeni wa mganga uliongeza imani kwake badala ya kuipunguza. Ukoo wa Manda, uliotoa wataalamu wakuu wa mvua wa Wairaqw, wenyewe unasimuliwa kuwa na asili ya Ihanzu, yaani nje ya Wairaqw. Watu hao hawakuhitaji nadharia kwamba mungu wa jirani ni sawa na wao ndipo waende kwa jirani. Walihitaji kuamini tu kwamba jirani anaweza kuwa na kitu ambacho wao hawana. Fikra hiyo iko mbali na ile ya umoja, kwa kuwa inaiacha tofauti ibaki na kuifanya iwe na manufaa.

Bandari na mahakama

Zanzibar ya karne ya 19 inatoa kesi mbili zinazopaswa kusomwa pamoja. Ya kwanza ni ya wafanyabiashara Wahindu, ambao Waswahili waliwaita Mabaniani. Seyyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar hadi mwaka 1856, alikuwa Muibadhi, na Waibadhi wana msimamo mkali katika tauhidi, wakikataa hata kumfikiria Mungu kwa sifa zinazofanana na za viumbe. Pamoja na hayo, ushuru wa forodha, uti wa mgongo wa mapato ya dola yake, ulikodishwa kwa Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch na mfuasi wa ibada ya Krishna. Hakuna aliyejaribu kuthibitisha kwamba Krishna na Allah ni jina moja. Wahindu waliachiwa ibada zao, Waislamu wakabaki na zao, na kilichowaunganisha kilikuwa pembe za ndovu, karafuu, watumwa na mikopo. Methali isemayo Baniani mbaya kiatu chake dawa inashuhudia kwamba dharau haikukosekana. Lakini inashuhudia pia kwamba watu waliweza kufanya kazi pamoja bila kukubaliana hata nukta moja ya akida.

Kesi ya pili ni ya Makhoja, jamii ya Kihindi iliyosilimu, ambayo mapokeo yake yanamtaja Pir Sadardin kuwa miongoni mwa walinganiaji wake wakubwa. Walinganiaji hao wa Kiismailia walitunga ginan, tenzi za kidini katika lugha za India, na mojawapo, iitwayo Dasavatar, ilitumia fundisho la Kihindu la avatara, yaani kushuka kwa Mungu duniani katika umbo la kiumbe. Wahindu wafuasi wa Vishnu huhesabu avatara kumi, na wa kumi bado anasubiriwa. Ginan hiyo ilitangaza kwamba anayesubiriwa amekwisha kuja, naye ni Ali, mkwe wa Mtume Muhammad. Huu ni umoja wa dini katika sura yake ya wazi kabisa, ambapo mlolongo wa kitakatifu wa Kihindu unapokewa wote na kukamilishwa na Imamu wa Kishia.

Matokeo yake hayakuwa utulivu. Swali la Makhoja ni watu gani lilifikishwa mahakamani Bombay, na mwaka 1866 Jaji Arnould akaamua kwamba ni Mashia Waismailia wanaomfuata Aga Khan. Mpasuko ulivuka bahari, na mwishoni mwa karne ya 19 Makhoja wa Zanzibar na pwani walikuwa wamegawanyika kati ya waliobaki na Aga Khan na waliojiunga na Ushia Ithnaasheri. Aga Khan wa Tatu alifika Zanzibar mwaka 1899, na mwaka 1905 jumuiya yake ikapata kanuni za uendeshaji zilizoipa mpaka ulio wazi. Katika karne ya 20 Dasavatar iliachwa polepole katika ibada. Daraja lililojengwa ili watu wavuke lilipokwisha kuvukwa, waliovuka waliona ni heri kuliondoa, kwa kuwa liliwaacha wakiulizwa kila siku wako ng'ambo gani. Kesi mbili zikiwekwa pamoja, zinaonyesha jambo ambalo watetezi wa umoja hulisahau: umbali wa mafundisho ulizaa ubia, na ukaribu wa mafundisho ulizaa mashauri.

Mito na bahari

Wazo kwamba dini zote ni njia sawa za kufikia lengo moja ni changa kuliko linavyodhaniwa, ijapokuwa lina vyanzo vya kale. Katika karne ya 17 Prannath, kiongozi wa madhehebu ya Pranami, alisoma Kurani sambamba na maandiko ya Kihindu, na Mohandas Gandhi, aliyekuja kuhimiza heshima kwa dini zote, alizaliwa na mama wa madhehebu hayo. Mwanamfalme Dara Shikoh wa dola ya Mughal alisimamia tafsiri ya Upanishad kwa Kiajemi mwaka 1657 akiamini kwamba zina hazina ya tauhidi, na miaka miwili baadaye akauawa na nduguye katika vita vya kurithi kiti. Katika karne ya 19 Ramakrishna wa Bengal alijaribu ibada za Kiislamu na Kikristo na kutangaza kwamba zote humfikisha mtu, na mwanafunzi wake Vivekananda akaupeleka ujumbe huo Chicago mwaka 1893, katika Bunge la Dini za Ulimwengu. Afrika Mashariki iliupokea moja kwa moja mwaka 1968, Sathya Sai Baba alipozuru Kenya na Uganda katika safari yake pekee nje ya India. Nembo ya jumuiya yake iliziweka alama za dini kuu kadhaa, ukiwamo msalaba na mwezi, katika duara moja.

Mfano unaopendwa na wanaofundisha hivyo ni wa mito mingi inayoishia katika bahari moja. Mkazi wa Manyara ana sababu ya kuutilia shaka, kwa kuwa anaishi katika Bonde la Ufa, ambako mito inayoingia Ziwa Manyara haitoki tena kwenda popote. Yapo maji yanayofika mwisho wake bila kuiona bahari, na dini zipo ambazo lengo lake si lile la jirani: Mbuddha hatafuti kuungana na Mungu, Mwislamu anatarajia kusimama mbele ya Mola wake na si kumezwa naye, na mzee wa Kidatooga anayeshughulika na kaburi la baba yake anataka uzao wake uendelee hapa duniani. Kuwaambia wote hao kwamba wanaelekea mahali pamoja ni kuwaeleza safari yao bila kuwauliza.

Mwanazuoni wa Kijerumani Paul Hacker alilieleza tatizo hilo kwa hoja ya ujumuishaji: imani ya mwingine inakubaliwa, ila kwa kuwekwa chini ya imani ya yule anayeikubali. Andiko la Kihindu la Bhagavad Gita lenyewe linamwonyesha Krishna akieleza kwamba waabuduo miungu mingine kwa imani humwabudu yeye, ingawa si kwa utaratibu unaotakiwa. Ukarimu huo ni wa kweli, lakini mwenye nyumba ni mmoja na wengine ni wageni. Haki inadai kukiri kwamba tabia hiyo si ya Wahindu peke yao. Karl Rahner, mwanateolojia Mkatoliki, alisema kuwa watu wa dini nyingine wanaweza kuwa Wakristo bila kujitambua, na tamko la Nostra Aetate la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, la tarehe 28 Oktoba 1965, liliutaja Uhindu kwa heshima huku likiendelea kumshikilia Kristo kuwa ndiye njia.

Mpaka ulio ndani

Pingamizi zito zaidi halikutoka kwa Waislamu wala Wakristo, bali kwa B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika jamii iliyohesabiwa kuwa najisi na aliyeongoza uandishi wa rasimu ya Katiba ya India. Alitoa hoja kwamba, ikiwa Brahman yumo ndani ya kila mtu, basi hakuna dini yenye msingi bora zaidi wa usawa. Ilikuwaje basi dini hiyo ikaishi na matabaka kwa maelfu ya miaka? Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubuddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake.

Swali lake linaihusu Afrika Mashariki pia. Wahindu waliofika huku walijipanga kwa jumuiya za asili na jadi, kama vile Walohana, Wapatel na Wabhatia, kila moja na kumbi, misaada na ndoa zake, na kwa muda mrefu Mwafrika aliingia katika eneo la hekalu kama mlinzi au mfagizi, si kama mwumini. Zilikuwapo hatua tofauti: harakati ya Hare Krishna, iliyoanzishwa New York mwaka 1966, ilihubiri kwa Waafrika jijini Nairobi tangu miaka ya 1970, na huko Ghana Swami Ghanananda Saraswati, Mghana kwa kuzaliwa, alianzisha monasteri ya Kihindu mjini Accra mwaka 1975. Lakini hatua hizo ni chache, na zinaonyesha kwamba fundisho la umoja wa nafsi zote lilifika pamoja na ukuta ambao halikuubomoa lenyewe.

Hitimisho

Tanzania haijauliza dini katika sensa zake tangu mwaka 1967, na Ibara ya 19 ya Katiba inamwachia kila mtu uhuru wa imani yake. Mpangilio huo haukujengwa juu ya fundisho kwamba dini zote ni moja. Umejengwa juu ya uamuzi kwamba dola haina haja ya kulijua jibu. Kauli ya Babati kwamba Mungu ni mmoja inafanya kazi hiyohiyo katika ngazi ya mtaa, kwa kuwa inaahirisha mjadala ili maziko yafanyike, shule ijengwe na mgogoro wa mashamba usuluhishwe. Anayeisikia na kudhani kwamba wasemaji wamekubaliana katika akida amekosea, na anayetaka kuwalazimisha wakubaliane ndipo iwe ya kweli atawaharibia makubaliano waliyo nayo.

Fikra za Kihindu hazipotezi thamani kwa kutenganishwa hivyo. Hesabu ya Yajnavalkya inabaki kuwa mojawapo ya juhudi kubwa za binadamu za kuuelewa wingi bila kuudharau, Ramanuja na Madhva wanaonyesha kwamba umoja wa Mungu unaweza kufundishwa bila kumfuta mtu, na Gandhi na Ramakrishna waliwapa mamilioni ya watu sababu ya kuheshimu ibada ya jirani. Kinachotakiwa kwa mwalimu, kiongozi wa dini au mjumbe wa kamati ya amani anayeambiwa kwamba dini zote ni moja ni kuuliza maswali matatu kabla ya kuitikia: umoja unaodaiwa ni wa Mungu, wa mafundisho au wa watu; nani amepewa mamlaka ya kuueleza; na ni nani atakayetakiwa kubadilika ili utimie. Pale ambapo jibu la swali la tatu ni jirani peke yake, kinachoitwa umoja ni mahubiri ya kawaida, na jirani ana haki ya kuyajua kwa jina hilo.